Wenzake wanataga kwenye kiota chake

SWALI: Shikamoo mama. Kuku wangu wa kienyeji amelalia mayai 12, wiki ya pili sasa. Simwoni akila, na wenzake wanamwingilia na kutaga humo humo. Nimlishie kiotani? – Msomaji, Singida

JIBU: Marahaba mwanangu. Kiotani usimlishie, utaita panya na siafu. Mwekee mtama na maji hatua chache pembeni. Atatoka mara moja kwa siku, ale, anye donge kubwa linalonuka (usishtuke, ndivyo walivyo), aoge vumbi, arudi. Dakika 20 nje hazidhuru mayai. Akigoma kutoka, mnyanyue, ila kwanza pitisha mkono chini ya mbawa. Huwa wanabana yai huko.

Shida yako hasa ni hao wenzake. Mayai yao yatachelewa, na mama atayaacha akifuata vifaranga. Usiku wa leo mulika kwa tochi: yenye kiza ndani yarudishe na uyatie alama ya penseli, yanayong'aa matupu yatoe. Kisha mzibie kwa tenga, umfungulie mwenyewe kila asubuhi. Kuanzia siku ya 18 usiyaguseguse tena. Yataanguliwa karibu na ya 21.