Maswali na majibu: Akili imetulia, nguo hazimtoshi

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja: mgonjwa wetu ametulia tangu aanze dawa, ila anazidi kunenepa. Nimechagua nane. Ila kwanza niseme hili kwa mara nyingine. Barua inayosema "anatumia dawa ya akili, kidonge cheupe" haijibiki. Vidonge vyeupe ni vingi mno. Soma jina kwenye pakiti. Kama umepewa kwenye bahasha isiyoandikwa kitu, rudi dirisha la dawa uombe waandike jina na miligramu. Ni haki yako.

Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 22. Mwezi wa nne alianzishiwa olanzapini akiwa na kilo 58, sasa ana 71. Anakula ugali wa watu wawili, na baada ya saa moja anaomba tena. Baba yake anamwita mlafi. Ni dawa au ni tabia? (Mama, Morogoro)

Marahaba, mama. Ni dawa. Baba yake namwomba kwa heshima aliache hilo neno leo hii. Olanzapini inaziba vipokezi vya kemikali za histamini na serotonini kwenye ubongo, na vipokezi hivi ni miongoni mwa vile vinavyomjulisha mtu kwamba ameshiba. Kijana anakula, lakini taarifa ya kushiba haimfikii. Zaidi ya hapo, dawa hii na mwenzake klozapini zinaweza kuvuruga kazi ya insulini, homoni inayosawazisha sukari kwenye damu, hata kwa mtu ambaye hajanenepa. Hizo mbili ndizo zinazoongoza kwa kunenepesha. Klopromazini, kwetiapini na risperidoni ziko katikati. Haloperidoli na aripiprazoli mara nyingi huongeza uzito kwa kiasi kidogo kuliko hizo, ingawa miili inatofautiana.

Sasa hesabu. Mgonjwa akiongezeka asilimia 5 ya uzito aliokuwa nao, daktari anatakiwa kukaa chini afikirie upya matibabu. Kwa mwanao hiyo ni kilo tatu tu, na yeye ameongezeka 13. Nani alikuwa anampima? Kliniki ya wajawazito kila mama anapanda mzani. Mtoto mchanga ananing'inizwa kwenye mzani hata chini ya mwembe. Mgonjwa wa akili anaulizwa kama bado anasikia sauti, anaandikiwa dawa ya mwezi, anaambiwa aende. Hili linaniuma, na nitaendelea kuliandika.

Tangu mwaka 2004, vyama vya madaktari wa kisukari na wa akili vya Marekani vilikubaliana utaratibu ulio wazi: kabla ya kidonge cha kwanza apimwe uzito, kiuno, presha, sukari kabla ya kula na mafuta kwenye damu. Uzito urudiwe wiki ya 4, ya 8 na ya 12, kisha kila miezi mitatu. Presha, sukari na mafuta virudiwe wiki ya 12. Mzani, tepu na mashine ya presha havihitaji hospitali ya rufaa.

Mpeleke kliniki wiki hii, uulize mambo mawili. Je, inawezekana kumbadilishia dawa taratibu? Kama olanzapini ndiyo iliyomtuliza, huenda jibu likawa hapana, na hiyo ni sababu ya kweli. Pili, je, anaweza kuongezewa metfomini? Ni kidonge kilekile cha kisukari, cha bei nafuu, na tafiti zinaonyesha wanaotumia hupungua kilo tatu hivi kwa wastani kuliko wasiotumia. Huanza kwa miligramu 500 pamoja na chakula, na kupandishwa polepole. Siku za kwanza tumbo linaweza kuchafuka. Figo ziangaliwe kabla. Tafadhali usimpe vidonge vya bibi yake mwenye sukari ili kuona kama vitamfaa.

Naweza kuruka dawa siku moja moja ili nipungue? (Kijana, Kisumu)

Hapana. Kuruka dozi kunarudisha ugonjwa, na kilo zinabaki palepale.

Nimeacha dawa wiki tatu sasa. Najisikia vizuri na nimepungua kilo mbili. Kwa nini mnatutisha? (Msomaji, Mwanza)

Kwa sababu wiki tatu ni mapema mno kujua. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi wa tafiti 65 za watu wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyopo, waliokuwa wametulia. Katika muda wa takribani mwaka mmoja, walioendelea na dawa ugonjwa uliwarudia 27 katika kila 100. Walioachishwa, uliwarudia 64. Wengi wao nao walianza kwa kujisikia vizuri. Kama ulikuwa kwenye klozapini, hali ni ya hatari zaidi, maana kuikata ghafla kunaweza kuurudisha ugonjwa kwa kishindo ndani ya siku chache.

Lakini sikulaumu. Nimekutana na wengi walioacha dawa kwa ajili ya unene. Ukiwauliza, wanasema walilalamika kliniki mara tatu wakajibiwa "punguza kula". Rudi kliniki, na usiseme umesahau dawa. Sema: nimeacha kwa sababu nanenepa, naomba tutafute njia nyingine. Ukikemewa, omba kuonwa na mwingine.

Kuna dada anauza chai ya kupunguza mwili kwenye WhatsApp, anasema ni mitishamba tupu. Nimpe mdogo wangu mwenye baipola? (Dada, Dar es Salaam)

Usimpe. Nyingi za chai hizi ni majani ya kuharisha. Unachopunguza ni maji, mafuta yako palepale. Kama mdogo wako anatumia lithiamu, dawa ya kusawazisha hisia zinazopanda na kushuka kwenye baipola, kuharisha kunampunguzia maji na lithiamu inapanda kwenye damu hadi kuwa sumu: mikono inatetemeka, anatapika, anayumba. Na kuna hatari nyingine. Katika bidhaa za "asilia" za namna hii, wapimaji wa nchi mbalimbali wamekuta sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kudhuru moyo. Inapandisha presha, na inaweza kuvuruga akili iliyokwisha kutulia.

Hukuniuliza kuhusu mirungi, nakuambia hata hivyo. Vijana wanatafuna ili wasisikie njaa. Mirungi inakata njaa kweli, na inaamsha ugonjwa.

Mume wangu yuko kwenye sindano ya mwezi na Artane. Anakunywa soda nne kwa siku, anasema kinywa kinakauka. Nifanyeje? (Mke, Tanga)

Dada, umeandika swali bora kuliko yote, maana umetaja dawa na umetaja unachokiona. Artane inakausha mate. Mtu aliyekauka kinywa anatafuta cha kunywa, na soda ndiyo iliyo karibu. Chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 35. Nne ni gramu 140, sawa na vijiko 35 vya chai, na bado hajala. Hapo huhitaji kumpunguzia chakula kwanza, ondoa soda. Awe na chupa ya maji anayotembea nayo, anywe kidogo kidogo. Bigijii isiyo na sukari nayo huvuta mate.

Kisha muulize daktari kama Artane bado inahitajika. Hutolewa kuzuia kukakamaa na kutetemeka kunakoletwa na sindano, lakini wagonjwa wengi wanabaki nayo miaka bila mtu kuuliza kama bado ina kazi. Usiikate wewe mwenyewe.

Na kiu kama hiyo isichukuliwe kuwa ya Artane tu. Kama anakojoa mara nyingi, anaamka usiku kwenda chooni, au anapungua ghafla huku anakula, apimwe sukari leo. Akitapika, akihema kwa nguvu au akisinzia isivyo kawaida, mkimbize hospitali.

Nitumie ratiba ya chakula ya kupunguza uzito. (Wengi)

Sitatuma. Ratiba za mapaja ya kuku na mtindi zinaishia ukutani. Punguzeni ugali nusu, ongezeni mchicha, maharage au dagaa, mboga iliwe kwanza, chai isiwe na sukari. Nyumba nzima ile hivyohivyo. Mgonjwa akipikiwa sufuria yake peke yake, anajiona ameadhibiwa, na usiku ataifuata yenu. Na atoke atembee na mtu, maana dawa inamlaza na peke yake hatoki.

Nataka kuacha sigara, natumia klozapini. Nitanenepa zaidi? (Msomaji, Arusha)

Pengine kidogo, na bado uache. Ila mwambie daktari kabla ya kuacha. Moshi wa sigara unalifanya ini liivunje klozapini haraka, na olanzapini vilevile. Ukiacha, dawa inapanda kwenye damu ndani ya siku chache: usingizi mzito, udenda, hata degedege. Dozi inabidi ipunguzwe.

Mdogo wangu amenawiri, majirani wanasema amepona kabisa. Kuna haja gani ya kumpima? (Kaka, Mombasa)

Naelewa mnakotoka. Kwetu miaka mingi kukonda kulimaanisha UKIMWI, na mwili kujaa ukawa habari njema. Lakini watu wenye magonjwa makali ya akili hufa mapema kuliko wenzao kwa miaka 10 hadi 20, na wengi huuawa na magonjwa ya mwili kama ya moyo, si ya akili. Azima tepu ya fundi cherehani. Ipitishe katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, akiwa amesimama na ametoa pumzi. Mwanamke akifika sentimita 80, mwanamume 94, mpeleke asubuhi kabla hajala apimwe sukari, na namba zote ziandikwe kwenye daftari lake la kliniki.