Magoti Chini, Viganja Kifuani

Ukitaka kujifunza huduma ya kwanza, tafuta mafunzo yatakayokupigisha magoti sakafuni. Video nilishatazama nyingi kabla ya yale tuliyopewa kazini, na hakuna hata moja iliyonionyesha nguvu inayotakiwa.

Moyo wa mtu mzima ukisimama, unamkandamiza kifua, nacho kinapaswa kubonyea sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwenye video za simu, hizo ni namba tu. Juu ya mdoli wa mazoezi nilianza kutoka jasho mapema, huku mkufunzi akigonga meza kunirudisha kwenye mwendo. Viganja vinakaa katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, viwiko vimenyooka, uzito unatoka mabegani. Kila ukikandamiza, achia kifua kirudi juu chenyewe. Hapo ndipo wengi darasani tulisumbuka. Kama mko wawili, pokezaneni kila baada ya dakika 2, maana mikono ikichoka kifua hakibonyei tena, hata kama mwenyewe unajiona bado una nguvu.

Jambo lililonishtua zaidi ni la kupumua. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kuendelea kukoroma au kutweta kwa vipindi kwa muda mfupi, na watu wakasema "bado anapumua, mpepeeni". Huko si kupumua. Ikiwa haitiki na hapumui kawaida, anza. Wa kupiga simu mchague kwa kumwonyesha: "Wewe kaka wa shati la bluu, piga 112." Ukisema tu "jamani, mtu apige", watapiga picha.

Utaratibu ni kukandamiza mara 30, kisha pumzi 2. Kama hujafunzwa kupuliza, au unasita kumpuliza mdomoni usiyemjua, kandamiza tu bila kukatiza. Aliyezama majini yeye alikosa hewa tangu mwanzo, kwa hiyo pumzi anazihitaji mapema. Na yale mazoea yetu ya ufukweni ya kumkamua tumbo ili atapike maji yaacheni: yanapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni.

Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Christian Eriksen, kiungo wa Denmark, moyo wake ulivyosimama akaanguka uwanjani Copenhagen, Juni 12, 2021. Alikandamizwa kifua palepale kwenye nyasi, akashtuliwa moyo kwa mashine, na mwaka uliofuata alikuwa uwanjani na Brentford ya Uingereza. Mashine ile mitaani kwetu huioni. Mikono ipo.

Kwa aliyepaliwa: kama anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Akishindwa hata kutoa sauti, mwinamishe, mpige mara 5 katikati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Ikigoma, simama nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, kisha rudia mgongoni. Mtoto chini ya mwaka mmoja usimminye tumbo kabisa. Wake ni mgongo na kifua, na ndiyo sababu nasisitiza uguse mdoli wa kichanga pia.

Darasa letu lilichangamka tulipofika kwenye kifafa. Kijiko mdomoni, kiatu puani, kila mtu alikuwa na dawa ya bibi yake. Vyote havina kazi. Ondoa vitu vya kumuumiza, kinga kichwa, degedege likiisha mlaze ubavu. Kuhusu moto, dawa ya meno ibaki ya meno: aliyeungua anahitaji maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20.

Wengine huogopa kumgusa majeruhi wa bodaboda kwa sababu ya PF3, fomu ya polisi ya kumtibu majeruhi. Fomu ile ni ya polisi na hospitali. Kubana jeraha linalovuja damu hakusubiri karatasi.

Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hufundisha; Kenya wapo Msalaba Mwekundu na St John Ambulance. Usiende peke yako. Ukianguka wewe sebuleni, ujuzi wako hautakufaa, kwa hiyo mpeleke na dada wa kazi, ambaye ndiye anayeshinda na watoto. Kabla ya kulipa, uliza wana midoli mingapi na darasa lina watu wangapi. Wakikwambia mdoli mmoja kwa watu thelathini, tafuta kwingine.