Bolti za heda: acheni kukimbilia 12.9

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Morogoro, nina Subaru Impreza ya injini ya EJ20 isiyo na turbo, juzi nimefunga heda ya stenlesi (yale mabomba ya kutolea moshi yanayofungwa kwenye injini). Wakati wa kufungua manifoldi ya zamani (mabomba ya moshi ya kiwandani) studi mbili, zile fimbo zenye meno zisizo na kichwa, zilikatika, fundi akasema ni kwa sababu zilikuwa laini, akaninunulisha bolti nyeusi za kufungua kwa aleni, za 12.9, hiyo ni namba ya gredi ya nguvu ya bolti, anasema ndo ngumu kuliko zote, akapaka na ile gundi nyekundu zisilegee. Wiki mbili tu, asubuhi nikiwasha nasikia ta-ta-ta upande wa kushoto, gari likipata moto sauti inapotea. Jana nimekuta bolti moja haina kichwa. Ninunue bolti gani ngumu zaidi ya hizo?

JIBU: Kaka pole sana. Na naomba nianze na hilo neno la mwisho, "ngumu zaidi", maana hapo ndo kila mtu anapopotea. Swali hili naletewa karibu kila wiki na karibu kila mara kuna 12.9 ndani yake.

Studi zako za zamani hazikukatika kwa sababu ni laini. Subaru moshi unatokea chini ya injini, kwa hiyo zile studi zimekaa miaka inapigwa na maji ya barabarani na tope huku zinachemka na kupoa kila siku. Zimeliwa na kutu mpaka zimeshikana na aluminiamu ya silinda hedi, mtu akizivuta kwa nguvu bila kuzipasha moto wala kuzimwagia mafuta ya kulainisha kutu na kuziacha zilale usiku kucha, lazima zikatike. Ungeweka hata za dhahabu zingekatika. Fundi kaangalia kipande kilichobaki mkononi akaamua ni ulaini, basi, kuanzia hapo kila alichofanya kimejengwa juu ya kosa hilo.

Sasa sikiliza, 12.9 ni chuma kilichopikwa kikapozwa ghafla kisha kikapashwa tena kwenye joto la kama nyuzijoto 380 hadi 425 ili kipate ule ugumu. Ukikirudisha kwenye joto la kuzidi hapo ugumu unaanza kuondoka, ule uliolipia pesa. Moshi ukitoka kwenye silinda ukiwa umekanyaga mafuta unafika nyuzijoto 700 mpaka 900. Bolti haifiki huko, hedi inapozwa na maji, ila ule upande wa kichwa cha bolti uliolalia flanji (lile bapa la heda lenye matundu ya bolti) unapata joto kali sana na hewa ya kupoza huko chini ni kidogo. Halafu 12.9 haipendi kuvutwa: kwa viwango vya kimataifa 8.8, gredi ya chini yake, inatakiwa ivutike angalau asilimia 12 kabla ya kukatika, 12.9 inaruhusiwa kukatika kwenye asilimia 8. Na zile nyeusi kule chini hazina kinga ya maana, zinashika kutu mvua ya kwanza.

Tena hata kama joto lisingekuwepo, huo ugumu ungeutumia wapi? Bolti ya milimita 10 ya 12.9 inaweza kubeba toki (nguvu ya kukaza) ya zaidi ya Nm 70, yaani nyutonimita, kwenye chuma. Lakini hapa imeingia kwenye aluminiamu! Subaru wanataka hizo nati zikazwe kwa Nm 30 hadi 35 hivi kutegemea modeli. Ukifika huko kwenye 70 kinachokubali kushindwa ni meno ya hedi, bolti inatoka imebeba aluminiamu kwenye meno yake kama uzi. Kwa hiyo umelipia nguvu ambayo hairuhusiwi kutumika.

Kitu kinachoua bolti za heda ni mwendo. Stenlesi inatanuka sana kuliko chuma cha kawaida, chukua flanji ya sentimita 30, ikipanda nyuzijoto 400 inarefuka kama milimita 2, na hedi iliyo nyuma yake, ambayo maji yanaizuia kwenye nyuzijoto 100 hivi, inarefuka nusu milimita. Hiyo tofauti lazima iende mahali, kila ukiwasha na kila ukizima. Flanji inateleza, inazisukuma bolti kwa ubavu, bolti zinalegea kidogo, ikishalegea inatikisika, na ikishatikisika ndo inakatika kichwa. Ndo maana yako imekatika kichwa na si katikati. Na ile ta-ta-ta inayopotea gari likipata moto ni nafasi kwenye gasketi inayojifunga vyuma vikitanuka, haijapona, watu wanaizoea wanaendesha hivyo mwaka mzima.

Ile gundi nyekundu nayo kaka... hiyo imetengenezwa kwa joto la mpaka nyuzijoto 150, na sisi mafundi tukitaka kuifungua tunaipasha moto kwa makusudi ilainike. Sasa mtu anaipaka kwenye ekzosi! Safari ya kwanza tu imeshakuwa majivu. Vivyo hivyo nati zenye plastiki ndani, na washa za springi ambazo zikichemka mara kadhaa zinalala bapa na hazisukumi tena.

Ya kununua basi. Rudi kwenye studi, achana na bolti. Studi inaingia kwenye hedi mara moja na kukaa humo, wewe unafungua na kufunga nati tu, meno ya aluminiamu hayaguswi tena. Za EJ20 ni M10 (unene wa milimita 10) yenye meno ya 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, na hapa naomba uwe makini kuliko kote, kwa sababu maduka mengi ya bolti ukiomba namba 10 wanakupa meno ya 1.5. Hiyo itaingia mzunguko mmoja au miwili kisha inakaza, na fundi asiyejua atadhani ni uchafu ataisukuma kwa spana ndefu, kwisha habari ya hedi. Ingiza kwa vidole mpaka mwisho, ikigoma kwa vidole itoe. Tena heda za magari mengine si hivyo, Honda nyingi ni M8 ya 1.25, Chevrolet za V8 za zamani ni inchi 3/8 meno 16, kwa hiyo bolti ya rafiki yako isiwe kipimo chako.

Gredi, 8.8 au 10.9 za kampuni ya gari zinatosha kabisa. Stenlesi pia nzuri kwa kutu, ila usifunge nati ya stenlesi juu ya studi ya stenlesi, zinang'ang'aniana mpaka hazitoki tena, tumia nati zilizopakwa kopa (shaba), zile ambazo tundu lake limebanwa kidogo lisiwe duara kamili. Hizo zinajishika zenyewe kwa chuma, hazina plastiki wala gundi. Kwenye meno yanayoingia hedi paka grisi ya kopa au nikeli kidogo, na ukipaka punguza toki kidogo kwa sababu bolti yenye mafuta inakaza zaidi kwa namba ileile.

Urefu wengi hawapimi. Flanji ya heda ya kununua mara nyingi si unene wa ile ya kiwandani, kwa hiyo studi za zamani zinaweza kuwa fupi. Ndani ya aluminiamu unataka meno yasiyopungua mara moja na nusu ya unene wa bolti, yaani milimita 15 kwa M10. Pima kina cha tundu kwa waya kwanza, maana bolti ndefu ikigota chini ya tundu utasikia imekaza vizuri kabisa na flanji bado iko huru, wala spana ya toki haikuambii chochote.

Kaza kutoka katikati kwenda pembeni kwa hatua mbili tatu, endesha, acha ipoe kabisa, kaza tena. Rudia baada ya siku chache. Kile kipande kilichobaki ndani ya hedi, tafuta fundi wa kuchomelea mwenye mkono mtulivu aweke nati juu yake aichomelee kisha aizungushe ikiwa bado na moto. Anayekuja na drili ya mkononi bila kuweka alama katikati mrudishe alikotoka.

Mimi linaloniuma zaidi ni wale wanaosema "inavuja kidogo tu, paka silikoni". Kuvuja kabla ya sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni kwenye moshi, kunavuta hewa ya nje ndani, sensa inasoma oksijeni nyingi, kompyuta inadhani mafuta ni machache inamwaga zaidi, we unalalamika gari linakula mafuta, unauziwa sensa mpya, kisha plagi, kisha koili, na ugonjwa uko palepale chini. Moshi wa moto unapuliza kwenye nyaya na mipira iliyo jirani. Na ule moshi una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inaingia kupitia matundu ya hewa ya kebini, mtu anaumwa kichwa anadhani ni jua.

Kwa hiyo kaka mpaka hiyo ta-ta-ta iondoke, vioo vishushe, na usikae ndani ya gari likiwa limesimama linanguruma, hasa ukiwa na watoto.