Paris ilifuta skuta za kukodi tu

Hapana kaka, unayesema bodaboda za umeme zizuiwe Dar kwa sababu Paris imefuta skuta za umeme (zile ndogo za magurudumu mawili, unaendesha umesimama): Paris haijazifuta zote. Zilizoondolewa ni zile za kukodi kwa simu, zile ambazo mtu akishafika anaitelekeza katikati ya njia ya waenda kwa miguu. Wakazi walipiga kura Aprili 2023, karibu asilimia 90 wakazikataa (ila waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8, hilo watu huliruka), na kufikia Septemba mwaka huo kampuni tatu, Lime, Dott na Tier, zilikuwa zimeondoa skuta kama 15,000. Ukiwa na ya kwako bado unaendesha, na baiskeli za kukodi zipo mpaka leo.

Kwa hiyo usiichukue kama hoja ya kuzuia bodaboda za umeme hapa Dar. Hizo ni pikipiki za abiria, leseni yake ni habari ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na dereva yupo, wa kuulizwa akiegesha vibaya. Ile skuta ukiikuta imelala mlangoni kwako pale Kariakoo utamuuliza nani?