Maswali ya Wasomaji: Wadudu Wageni Katika Miti Yetu

Barua za mwezi huu zimetoka Mombasa na viunga vyake, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuuandika ukurasa huu nyingi zinahusu miti inayoliwa na wadudu. Nimechagua nne, nazo nimezifupisha.

*Assalamu alaikum, mwalimu. Mimi ni seremala, Changamwe. Hununua paleti na masanduku ya mbao yaliyotoka kwenye kontena, nikayatengeneza viti na meza. Majuzi niliona matundu madogo katika baadhi ya mbao, na vumbi chini yake. Karakana yangu iko chini ya mwembe mkubwa wa marehemu babu. Je, wadudu hao waweza kuhamia mtini?* — Fundi, Changamwe

Waalaikum salaam, fundi. Kwanza tutenganishe makundi mawili ya wadudu ambayo watu wengi huyachanganya. Wako wanaobungua mbao kavu, ambao huacha unga laini mfano wa sembe, nao hawana haja na mti ulio hai; hao watakuharibia kiti na kukugombanisha na mteja, lakini mwembe wa babu hawataugusa. Wako pia wanaoishi chini ya gome, au ndani ya mbao ambayo bado ina unyevu, na hao ndio wa kuogopwa, kwa kuwa baadhi yao wakitoka wakiwa hai hutafuta mti mbichi wa kutagia mayai.

Njia rahisi ya kuanza uchunguzi ni kugonga ubao juu ya karatasi nyeupe. Nilipata kufanya hivyo pamoja na fundi mmoja hapa mjini. Ubao wa kwanza ulitoa unga mtupu. Wa pili, uliobakiwa na ukanda wa gome wa upana wa vidole viwili, ulitoa vumbi la kahawia lenye chembe za nyuzinyuzi, na tulipolibandua gome kwa patasi tukakuta vijia vilivyopindapinda vimejaa vumbi hilo, na mwishoni mwa kijia kimoja buu jeupe lisilo na miguu likiwa bado linajikunja. Paleti ile ilikuwa imevuka bahari, na buu nalo huenda lilivuka pamoja nayo.

Ndiyo maana mwaka 2002 nchi zilizo katika Mkataba wa Kimataifa wa Ulinzi wa Mimea zilipitisha kiwango namba 15, kinachohusu mbao za kufungashia mizigo. Mbao hizo sharti ziambuliwe gome, kisha zitiwe joto mpaka kiini cha ubao kifikie nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, au zitibiwe kwa njia nyingine iliyokubaliwa, kama vile gesi ya methili bromidi. Zikishatibiwa hupigwa muhuri wenye picha ya shuke la ngano, herufi mbili za nchi zilikotibiwa, namba ya aliyezitibu, na herufi za aina ya tiba: HT kwa joto, MB kwa gesi. Plaiwudi haihitaji muhuri huo, kwa kuwa gundi, joto na mgandamizo wa kuitengeneza hauachi mdudu akiwa hai. Kwa hiyo, fundi, kabla ya kulipa, igeuze paleti utafute shuke la ngano. Lakini usilale baada ya kuliona: muhuri unathibitisha kwamba mbao zilitibiwa siku ile, wala hauzuii mdudu wa hapa kuingia baadaye zikiwa zimelundikwa uwanjani.

Usidhani kwamba haya ni mambo ya makaratasi. Mwaka huohuo wa 2002, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, aligunduliwa mbawakawa wa kijani kutoka Asia ambaye inaaminika aliingia ndani ya mbao za mizigo, na tangu hapo ameua mamilioni ya miti ya jamii ya ash. Karibu na kwetu, mwaka 2017 Afrika Kusini ilitangaza kumwona mbawakawa mwingine kutoka Asia, wa milimita mbili hivi, yaani udogo wa punje ya ufuta. Huyo hali mbao; huingia mtini na kuvu wake, akamwotesha katika mahandaki anayoyachimba ili awe chakula chake na wanawe, na kuvu huyo ndiye anayeiziba mishipa ya maji ya mti. Miongoni mwa miti anayoishambulia ni mparachichi. Bandari yetu hupokea mizigo kutoka pande zote hizo, nami sioni sababu ya kungoja mpaka miti ianze kukauka ndipo tujifunze jina la mdudu.

Basi fanya hivi. Hamisha mbao zote kutoka chini ya mwembe. Gome lolote utakalolibandua lichome siku hiyohiyo, usilitupe jaani. Mdudu au buu utakayempata mtie katika chupa ndogo yenye spiriti, umpeleke katika ofisi ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, hapa Mombasa pamoja na kipande cha ubao kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na ikiwa muhuri upo, upige picha.

*Mwalimu, salamu. Naishi Likoni, na shamba langu liko Kwale. Nilinunua miche 300 ya mkaratusi. Sasa majani machanga yamejikunja na yana vinundu vya waridi kwenye mshipa wa kati na kwenye vikonyo. Muuza dawa ameniambia ninyunyizie kila wiki. Je, nimsikilize?* — Mama wa Likoni

Usitoe hata shilingi kwanza, mama. Vinundu hivyo, kwa jinsi ulivyovieleza, ni kazi ya nyigu mdogo kutoka Australia aitwaye kitaalamu Leptocybe invasa. Alianza kuonekana nje ya kwao katika nchi za Mashariki ya Kati mwaka 2000, na mwaka 2002 akaripotiwa magharibi mwa Kenya. Urefu wake ni zaidi kidogo ya milimita moja, mweusi wenye mng'aro wa buluu na kijani, na jike hutaga bila kuhitaji dume, kwa hiyo mche mmoja wenye jike mmoja watosha kuanzisha kizazi katika shamba zima. Mayai huwekwa ndani ya mshipa wa jani, nao mti wenyewe ndio unaovimba kumzunguka buu. Hapo ndipo dawa ya kunyunyizia inaposhindwa: buu amejifungia ndani ya kinundu kwa miezi kadhaa, na dawa inaishia juu ya jani, ambako inaua nyuki na wadudu wenye manufaa.

Kipasue kinundu kimoja kwa wembe. Ukikuta vyumba vidogo vyenye mabuu meupe, au vinundu vikiwa bado havina matundu ya kutokea, una muda. Ing'oe miche iliyovimba sana na uichome palepale shambani, wala usimgawie jirani hata ule unaoonekana mzima. Miti iliyokwisha kuwa mikubwa kwa kawaida huvumilia. Anayeumia zaidi ni mche na chipukizi la kisiki. Mara nyingine utakapopanda, uliza kitaluni ni aina gani ya mkaratusi, kwa sababu aina hazilingani hata kidogo katika kumstahimili nyigu huyu, na ichague miche kwa jicho lako mwenyewe, ukiangalia majani ya juu kabla hayajapakiwa garini. Wataalamu wamewahi pia kuwaachilia nyigu wengine wadogo zaidi ambao huyala mabuu hayo ndani ya vinundu, na hiyo ni sababu nyingine ya kutopiga dawa ovyo.

*Miaka mingi iliyopita nilipanda lusina kwa ajili ya mbuzi wangu. Ikastawi, halafu ghafla vichipukizi vikawa vinanata na kuanguka. Ilikuwa nini?* — Mzee wa Mtwapa

Mzee wangu, aliyekupokonya malisho ni mdudu mdogo arukaye, afananaye na kidukari, mwenyeji wa Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Alifika Florida na Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 1980, akaenea Asia, na mwaka 1992 akaonekana hapa Pwani. Hufyonza utomvu wa vichipukizi na kuacha ule unato uliouona. Ukitaka kupanda tena, changanya: weka glirisidia, mti mwingine wa malisho ambao mdudu huyu haushambulii, iwe nyingi, na lusina iwe kidogo tu.

*Shikamoo mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana wa Mikindani, twapanda mikoko. Milaana, aina ya mkoko, iliyo upande wa maji inakauka matawi kutoka nchani. Wengine wasema ni wadudu wageni, tupige dawa. Tunaomba ushauri.* — Kikundi cha vijana, Mikindani

Marahaba, wanangu. Dawa ndani ya mikoko msiipige kabisa, kwa sababu maji yakijaa yataibeba mpaka kwa kaa, kamba na vifaranga vya samaki ambao wazazi wenu huwavua.

Pia msiharakishe kumlaumu mgeni. Katika ghuba ya Gazi, watafiti walioichunguza milaana iliyokuwa ikifa namna hiyohiyo walikuta viumbe wawili wanaotoboa matawi, nondo aitwaye Salagena discata na mbawakawa aitwaye Bottegia rubra, nao wote wawili ni wa Afrika. Mdudu wa nyumbani naye huua, hasa mti ukiwa tayari umedhoofika. Kwa hiyo angalieni kwanza miguuni mwa mti. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, mikoko mingi ya kijito cha Mwache ilikufa kwa sababu udongo ulioletwa na mafuriko uliifunika mizizi inayopumua. Milaana ina mizizi kama hiyo, iliyochomoza wima kutoka matopeni. Ikiwa imezikwa na tope jipya, au imepakwa mafuta meusi, hamna haja ya kumtafuta mdudu juu.

Ikiwa mizizi iko wazi na safi, maji yakipwa vunjeni tawi lililokufa nusu, mahali ukavu unapokutana na ubichi, mlipasue kwa urefu. Njia ya mviringo iliyojaa vumbi la mbao, au tundu lililofunikwa kwa uchafu ulioshikwa na utando wa hariri, ndio ushahidi. Hesabuni miti kumi kumi, mwandike ni mingapi imeathirika, mrudie miti hiyohiyo baada ya mwezi. Kuyakata na kuyachoma matawi yaliyotobolewa husaidia yakiwa machache, lakini mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na hata tawi bovu halikatwi bila ruhusa. Pelekeni daftari lenu na vipande vya matawi kwa afisa wa Shirika la Huduma za Misitu, mkamwombe aje nanyi maji yakipwa, aione milaana kwa macho yake kabla hamjashika panga.