Anayetumwa Naye Anahitaji Kulishwa

Wengi wanaojiandaa kwa safari ya misheni nje ya nchi hujiuliza watawapelekea nini watu wanaowaendea. Swali hilo ni jema, lakini nimeona, kwangu na kwa wenzangu niliotumika nao, kwamba peke yake halitoshi kuilinda roho ya mtumishi. Ratiba ya misheni imejaa maombi: ibada ya timu asubuhi, maombi kabla ya mkutano, maombezi kwa wagonjwa, shukrani za jioni. Mtu anaweza kuomba kutwa nzima, tena kwa sauti, bila kuzungumza na Mungu hata mara moja kuhusu hali ya moyo wake mwenyewe. Kwa maoni yangu, anayetumwa huanza kukua pale anapokubali kuwa mpokeaji, mbele za Mungu kwanza, kisha mbele ya wenyeji wake.

Ndiyo maana humshauri kila anayekwenda achague kitabu kimoja cha Biblia ambacho hatakifundisha katika safari hiyo. Mtu anayejua kwamba jioni atasimama mbele ya watu husoma kila mstari akitafuta vichwa vya mahubiri, na hata neno lililokusudiwa kumchoma yeye hulipeleka haraka kwa wasikilizaji. Zaburi zinafaa sana kwa kazi hii, kwa kuwa zina malalamiko, hofu na hasira ambazo mtumishi huona aibu kuzitamka mbele ya timu. Mimi hubeba madaftari mawili, moja la maandalizi na jingine lisilosomwa na mtu. Wazo la mahubiri likinijia wakati wa faragha, huliandika upesi katika lile la kwanza, nikalifunga na kuliweka kando.

Kupata faragha yenyewe si rahisi mahali ambapo watu wengi hulala chumba kimoja, kwa hiyo ni vema kukubaliana na kiongozi wa timu mapema, kabla ya safari, kuhusu muda ambao hakuna atakayeitwa kwa shughuli yoyote. Katika Marko sura ya 6, mitume waliporudi kutoka walikotumwa, Yesu aliwaita kando wapumzike, kwa maana watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Wanaolitaja andiko hilo mara nyingi huishia hapo. Ukiendelea kusoma utaona kwamba umati uliwatangulia kule walikokuwa wakienda, na kwamba Yesu aliwahurumia watu hao. Basi ulinde muda wako wa faragha kwa bidii, lakini siku unapovunjwa na mgeni mwenye shida, usimpokee kwa uso wa kununa.

Upande wa wenyeji ndio ambao sisi tunaotumwa huupuuza zaidi. Yesu alipowatuma wale wanafunzi sabini, kama tunavyosoma katika Luka sura ya 10, aliwakataza kuchukua mfuko, mkoba wala viatu, akawaagiza wakae katika nyumba itakayowapokea na kula watakachoandaliwa. Walikuwa na ujumbe wa kutoa, na bado walipangiwa kuwahitaji wale waliowaendea. Katika nchi ngeni hali hiyo hutokea yenyewe: mtu aliyezoea kuongoza ibada kanisani kwake hujikuta hawezi kuomba maji ya kunywa bila mkalimani. Udhaifu huo huuma, lakini sikushauri uufiche kwa kuongeza shughuli. Waombe wenyeji wakuombee, kwa lugha yao, hata kama hutaelewa neno. Nimepokea maombi ya namna hiyo nikiwa nimechoka mno kuomba mwenyewe, na yalinifundisha juu ya neema mambo ambayo nilikuwa nikiyasema tu madhabahuni.

Nina shaka na ule ushuhuda unaosikika baada ya safari nyingi, kwamba wenyeji hawana kitu lakini wana furaha. Aghalabu msemaji hakukaa nao kiasi cha kuzijua huzuni zao, na furaha anayoisifu huenda ilikuwa ni adabu ya kumkaribisha mgeni. Petro alipoingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, katika Matendo sura ya 10, aliuliza kwanza ameitiwa nini, akasikiliza, ndipo akakiri kwamba ametambua kuwa Mungu hana upendeleo. Mhubiri alibadilishwa katika nyumba ile ile aliyokwenda kuhubiri, kisha akaombwa akae siku kadhaa.

Mpokeaji hupokea pia kutoka kwa wenzake, jambo ambalo ni gumu hasa kwa viongozi. Mmisionari Mwingereza Hudson Taylor alifika China mwaka 1854 na kuanzisha misheni yake mwaka 1865, lakini mwaka 1869, akiwa amechoka na kuvunjika moyo kwa kujiona mbali na utakatifu, alisaidiwa na barua ya mmisionari aliyekuwa chini ya uongozi wake. Barua hiyo ilimsaidia kuona maana ya kukaa ndani ya Kristo kama tawi katika mzabibu.

Kuhusu matunda ya huduma nitasema machache. Mmisionari Mwingereza William Carey alifika India mwaka 1793, na Mhindu wa kwanza kubatizwa katika kazi yake, Krishna Pal, alibatizwa Desemba 1800. Anayekwenda kwa majuma machache hana msingi wa kuupima wito wake kwa idadi ya mikono iliyonyoshwa na walioitikia mahubiri.

Unaporudi, huenda ukapewa kipaza sauti Jumapili ya kwanza. Paulo na Barnaba nao walitoa taarifa mbele ya kanisa la Antiokia, lakini Matendo sura ya 14 inaongeza kwamba walikaa huko na wanafunzi kwa muda usio mfupi. Mwombe mchungaji wako akuruhusu kukaa kwa kitambo kama msikilizaji tu, kisha uwaandikie wenyeji waliokukaribisha, uwaombe wakueleze mahitaji yao ya maombi ya sasa, na uwatajie la kwako moja ambalo ungependa waendelee kukuombea.