Mabano yaliyorundikana katika Clojure
Ukiuliza kama mabano yanayorundikana katika Clojure, lugha ya kuandikia programu, yanaweza kupunguzwa bila programu kuwa ya polepole, jibu ni ndiyo: (reduce + (map inc (filter odd? namba))) inaweza kuandikwa (->> namba (filter odd?) (map inc) (reduce +)) bila kupunguza kasi, kwa sababu ->> ni makro, yaani amri inayoandika upya msimbo, inayorudisha mabano yaleyale kabla programu haijaanza kuendeshwa; macroexpand-1, inayoonyesha makro imeandika nini, itakuonyesha hilo waziwazi. Usitumie -> hapa, kwani yenyewe huingiza thamani mahali pa kwanza, jambo linalozifaa assoc na update, zinazopokea mkusanyiko mwanzoni, ilhali filter, map na reduce hupokea mkusanyiko mwishoni. Mnyororo wa hatua ukichanganya aina hizi mbili za amri, ipo as->, iliyoongezwa katika toleo la 1.5, inayoipa thamani jina ili uiweke popote, ingawa mimi ningechagua let ya kawaida, inayozipa thamani majina hatua kwa hatua.